CD ya gemu ikigoma, usianze na mtoto

Katika nyumba nyingi zenye mashine ya gemu, kitu kikigoma hakuna anayeuliza kimegoma vipi. Swali la kwanza ni nani amekishika mwisho. Na jibu la swali hilo, kwa bahati mbaya, huwa ni mtoto yule yule kila mara: mkubwa kuliko wenzake, au mtundu kuliko wenzake, au yule ambaye nyumba si ya mama yake.

Kibiti mjini, si mbali na Barabara ya Kilwa, nyumba moja ilikaa karibu wiki tatu na kesi ya namna hiyo. Mwenye nyumba ni mama anayeuza chapati na maharage asubuhi stendi. Ana kijana wake wa kidato cha kwanza, na anamlea mtoto wa kaka yake, wa kidato cha pili, aliyetoka kijiji kimoja cha delta ya Rufiji ili apate kusoma. Wanaoijua delta hawahitaji kuelezwa kwa nini. Mtoto wa kule akitaka kufika barabarani lazima apande chombo hadi Nyamisati, na chombo kinafuata maji. Yakipwa, unakaa juu ya tope katikati ya mikoko mpaka yajae tena. Kwenda shule na kurudi kila siku haiwezekani, hivyo mtoto anapelekwa kwa shangazi.

Mama huyo alinunua PlayStation 2 iliyotumika kwa sababu ambayo wazazi wengi wataielewa: afadhali vijana wacheze sebuleni akiwaona kuliko washinde kwenye vibanda vya gemu. Ni mashine ya zamani. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 2000, na mapema mwaka 2013 ikatangazwa kuwa haitengenezwi tena. Lakini fundi mzuri anaweza kuifufua mara tatu, ndiyo maana bado ipo.

Jumamosi moja usiku, kijana wa nyumba alifungua gemu ya mpira, akachagua msimu aliokuwa akiucheza tangu likizo, picha ikaganda. Akazima, akawasha. Ikaganda pale pale. Akaitoa CD, akaigeuza, akaona mkwaruzo mrefu unaong'aa upande wa chini. Siku mbili nyuma binamu yake alikuwa ameibeba kwenye begi la shule kumpelekea rafiki. Ushahidi ukawa umekamilika kabla ya saa tatu usiku.

Mama hakumpiga. Alisema tu, "Vitu vya watu huvitunzi, baba. Ukiwa kwa watu, jifunze kuishi na watu."

Mzazi anaweza kuyasema maneno hayo huku akigeuza chapati na akayasahau kabla haijaiva. Mtoto anayelala nyumba ambayo si ya wazazi wake hayasahau. Tangu siku ile kijana yule alianza kula baada ya wenzake. "Shikamoo shangazi" yake ilikuwepo, lakini aliitoa akiwa ameshapita mlango. Wiki ya pili alimpa ujumbe mtu anayeshuka Nyamisati ampelekee baba yake: anataka kurudi nyumbani. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili ulikuwa mbele yake, Novemba.

CD ya bei ya nusu kilo ya nyama ilikuwa inakaribia kumtoa mtoto shule.

Wanaofanya kazi ya afya wanaijua hali hii kwa jina jingine. Zamani mtoto akichemka mwili, watu walisema malaria na dawa ikatolewa. Homa ilikuwa dalili, lakini ilitibiwa kama ndiyo ugonjwa wenyewe. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa, na leo hata zahanati ndogo ina kile kipimo cha tone la damu kidoleni. Kinachoshangaza wengi ni idadi ya homa ambazo hazikuwa malaria. Gemu kuganda nayo ni homa. Inaweza kutoka kwenye CD, kwenye mashine, kwenye programu ya gemu yenyewe, kwenye kumbukumbu iliyohifadhiwa, au kwenye umeme. Mkwaruzo unaoonekana kwa macho hauthibitishi chochote mpaka upime.

Mkwaruzo wenyewe una mambo yake. Watu hudhani taarifa zimeandikwa upande ule wa chini unaong'aa, hivyo kila mstari ni kidonda. Sivyo. CD ni plastiki ngumu yenye unene wa milimita 1.2, na tabaka lenye taarifa liko juu kabisa, chini tu ya karatasi au rangi yenye jina. Mwanga wa leza unapita ndani ya plastiki yote kulifikia. Kwa hiyo CD ikikwaruzwa upande wa jina inaweza kufa kabisa, wakati mikwaruzo ya chini mingi haiiui. DVD, ambayo ndiyo inayobeba gemu nyingi za PlayStation 2, taarifa zake ziko katikati ya mabamba mawili membamba, hivyo zina kinga pande zote mbili. Zaidi ya hapo, waliobuni diski hizi walijua watu watazichafua. Waliongeza taarifa za akiba na kuzitawanya, ili kipande kikipotea mashine ikikokotoe upya. Kwenye CD ya muziki, pengo la karibu milimita 2.5 kwenye mstari wa taarifa linaweza kuzibwa bila msikilizaji kujua.

Ndiyo maana mwelekeo wa mkwaruzo una maana kuliko ukubwa wake. Unaotoka katikati kwenda ukingoni unakata kila mzunguko mara moja, kwa kipande kidogo, na mashine inaruka. Unaozunguka, unaofuata duara la diski, unafunika sehemu ndefu ya mstari mmoja, na huo ndio mbaya. Kwa sababu hiyo hiyo diski hufutwa kutoka katikati kwenda nje, kwa kitambaa laini. Kuzungusha kitambaa kama unayesugua sahani ndiko kunakotengeneza mikwaruzo ile mibaya.

Basi turudi stendi. Mama alimpelekea fundi kijana, anayetengeneza simu na redio, mashine na CD vyote pamoja. Alikwenda akiwa na nia ya kujua atanunua CD nyingine au atalipia mashine. Fundi hakufungua hata skrubu moja. Aliichukua CD yenye mkwaruzo akaiweka kwenye mashine yake. Ikasoma. Akacheza mechi nzima ya kirafiki, dakika zote, bila kukwama.

"CD yako nzima, mama."

"Basi mashine ndiyo mbovu."

Akaweka CD nyingine kwenye mashine ya mama. Ikasoma. Akairudisha ile ya mkwaruzo kwenye mashine ya mama, akachagua mechi ya kirafiki. Ikacheza.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kusema kuna mkono wa mtu. Fundi akauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza: inakwama wapi hasa? Kijana wa kidato cha kwanza, aliyekuja kubeba mashine, akajibu kwamba inakwama ukifungua msimu tu. Mechi za kirafiki hawakuwa wamejaribu. Fundi akachomoa memori kadi, akaanzisha msimu mpya bila kadi. Ukafunguka. Akairudisha kadi, akafungua msimu wa zamani. Ukaganda. Akaihamishia kadi kwenye mashine yake. Ukaganda vile vile.

Kwa hiyo CD ilikuwa nzima na mashine ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni faili la msimu ndani ya memori kadi. Hutokea hivyo mashine ikikosa umeme wakati inaandika: nusu ya faili ni mpya, nusu ni ya zamani, na gemu ikijaribu kuisoma inapotea njia. Ule ujumbe unaokataza kuzima au kuchomoa kadi wakati wa kuhifadhi upo kwa sababu hii, na watoto huwa wanaujua kuliko sisi.

Fundi akauliza kama umeme ulikatika karibuni. Mama akasema hapana. Kijana wake akatazama chini, kisha akasema taratibu kwamba Ijumaa ile, walipoambiwa mara tatu waende kulala, mama alikuja kuzima swichi ya ukutani.

Huo ulikuwa mwisho wa upelelezi. Fundi hakutaka hela; alichukua chapati mbili.

Somo la kiufundi hapa ni dogo na mzazi yeyote anaweza kulifanya bila fundi, ilimradi awe na jirani mwenye mashine kama yake. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. CD yenye shida kwenye mashine nyingine, kisha CD nyingine kwenye mashine yako. Ikiwa CD moja tu inagoma kote, ni CD. Ikiwa CD zote zinagoma kwenye mashine yako, acha kuzilaumu CD. Lenzi imechafuka au imechoka, na kwa vumbi la pembezoni mwa barabara zetu si ajabu. PlayStation 2 ina dalili nyingine ya kulemewa kwa lenzi: inasoma zile diski za gemu zenye tumbo la bluu, ambazo ni CD, lakini inazikataa zenye tumbo la fedha, ambazo ni DVD. Leza za aina hizo mbili ni tofauti, na moja inaweza kuchoka kabla ya mwenzake.

Sikiliza pia. Diski inayosomeka kwa shida mara nyingi hupiga kelele: inaongeza kasi, inapunguza, inagonga tik tik, sauti ya mtangazaji inakatika vipande. Programu ikikosea, mara nyingi picha inasimama ghafla huku diski ikizunguka kimya kimya, au muziki unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hiyo si sheria, ni kama kikohozi kwa daktari. Inakuambia uanzie wapi.

Kuna eneo moja gumu, na halisemwi vya kutosha kwa sababu linagusa biashara za watu. Diski nyingi za gemu zinazouzwa mitaani zimechomwa, hazikutoka kiwandani. Kwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 kuzidurufu na kuziuza bila ruhusa ni kosa, na COSOTA ipo kwa ajili hiyo, lakini tuseme yaliyopo. Diski ya kuchoma haina vishimo vilivyogandamizwa kiwandani. Ina rangi maalumu iliyounguzwa kwa leza, na rangi hiyo hupauka kwa jua na joto. Inarudisha mwanga hafifu kuliko ya kiwandani. Hivyo inaweza kusoma vizuri kwa jirani mwenye lenzi mpya na kugoma kwako, na nyote wawili mkawa na haki ya kusema kitu chenu ni kizima. Tena baadhi ya gemu hizo za mpira zimefunguliwa na watu wakaweka timu mpya na majezi mapya. Aliyekosea kuhariri amemwachia kosa kila aliyenunua. Nakala mbili zikikwama kwenye mechi ile ile, katika mashine mbili tofauti, usisugue diski. Kosa limo ndani ya gemu, na hata ukinunua ya tatu kwa muuzaji yule yule utapata hilo hilo.

Kwa wenye PlayStation 4, hesabu inabadilika kidogo. Mashine hiyo inanakili gemu kutoka kwenye diski kwenda kwenye hadi diski ya ndani, halafu diski inabaki kama hati ya nyumba: lazima iwepo, lakini haisomwi kila dakika. Ikikwama wakati wa kunakili, tena kwenye asilimia ile ile, shuku diski. Ikishamaliza kunakili kisha gemu inajifunga katikati na kuonyesha namba CE-34878-0, hiyo ni programu imeanguka. Tafuta apdeti, au ifute gemu na kuipakia upya, baada ya kuhakikisha faili za mchezo wa mtoto zimehifadhiwa mahali pengine. Kufuta bila kuhifadhi kunaleta kilio ambacho hakuna mzazi anakitaka saa nne usiku.

Umeme nao usisahaulike. Kwenye vijiji vya delta wengi hutegemea sola, betri na inverta. Betri ikilegea, mashine inaweza kuzimika au kujiwasha upya katikati ya mchezo, na mtoto akaja kusema CD mbovu. Ukiona taa ya ndani nayo inafifia wakati huo huo, umeshapata jibu.

Upande wa usalama, yapo mambo ambayo hayataki mjadala. Watoto wakikata tamaa hujaribu tiba za mtaani: dawa ya meno, petroli, dawa ya kufuta rangi ya kucha. Dawa ya meno inaweza kulainisha mkwaruzo mdogo, lakini inaongeza mingine. Petroli na dawa ya kucha hupausha plastiki na kuifanya ukungu, na petroli ndani ya nyumba yenye jiko la mkaa ni msiba unaosubiri. Mashine isifunguliwe ikiwa kwenye umeme, na mtoto asichungulie lenzi ikiwa inawaka mfuniko ukiwa wazi. Leza ya diski inaweza kuumiza jicho bila maumivu yoyote ya kumtahadharisha. Diski iliyoanza kupasuka katikati itupwe siku hiyo hiyo. Ndani ya mashine inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, na ikivunjika humo, vipande vyake hukata kama wembe.

Hali ya hewa ya pwani ina adui mwingine ambaye watu wa bara hawamjui. Mwaka 2001 wanasayansi wa Hispania walieleza kuhusu ukungu wa jamii ya Geotrichum uliokula CD iliyotoka Belize, nchi ya joto na unyevu kama kwetu. Ulipenya kutoka ukingoni ukatafuna tabaka la ndani. Si jambo la kila siku, lakini diski iliyokaa msimu mzima wa mvua ndani ya mfuko wa nailoni ulionyooka na maji huweza kuota madoa. Ukiiinua juani ukaona nukta za mwanga zinapenya, au doa linalofanana na ramani likianzia ukingoni, hiyo haina dawa.

Yule mama, kwa siku mbili, hakusema neno kuhusu stendi. Si rahisi kwa mtu mzima. Kwetu mkubwa akikosea kwa mdogo huwa anapika kitu. Jumatatu jioni alimwita mtoto wa kaka yake jikoni, akamwambia akae kwenye kigoda, na akamweleza yote: CD, mashine, kadi, swichi. Akasema, "Nilikuonea, mwanangu. Nisamehe." Kijana akajibu, "Haina neno, shangazi," kwa haraka, kama mtu anayetaka mazungumzo yaishe. Kisha akauliza kama memori kadi mpya ni bei gani.

Usiku huo walikula sahani moja. Binamu yake alikuwa na deni kubwa kuliko la mama, na alilianza kulilipa kwa kumwachia pedi nzuri, ile ambayo kitufe chake cha mraba hakijalegea.

Baba alikuwa ameshapokea ujumbe. Alikuja na chombo cha Alhamisi, akapanda gari kutoka Nyamisati, akafika Kibiti amebeba kamba wakavu kwenye mfuko na maneno mengi ya kumwambia dada yake. Maneno hayakuhitajika. Alilala usiku mmoja, akamtazama mwanawe akifanya hesabu chini ya taa, akaondoka alfajiri kuwahi maji.

Aliondoka na DVD mbili za filamu za mdogo wake kijana, aliyebaki kijijini na deki ya sola. Kijana alizifunga moja moja kwenye kitambaa, kisha kwenye mfuko, na akamwelekeza baba yake: zikipata maji ya chumvi zisifutwe zikiwa kavu, maana chumvi ikikauka inakuwa kama msasa. Zisuuzwe kwanza kwa maji baridi ya kunywa, ziachwe zikauke kivulini, ndipo zifutwe kutoka katikati kwenda nje. Baba akauliza ni nani amemfundisha. "Fundi wa stendi," akasema. Alikuwa amekwenda huko mwenyewe, mara mbili, baada ya shule.